Gari Kuukuu: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye



Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga katika milima ya Usambara kilinunua pikapu kuukuu. Wanakikundi walikuwa 22, wake kwa waume. Waliweka akiba kwa misimu mitatu, fedha za kabichi na nyanya. Walikuwa wamechoka kukodi magari ya watu. Mara nyingine gari la kukodi halikuja, na nyanya zikaoza zikiwa ndani ya matenga.

Pikapu ile ilikuwa imepakwa rangi mpya nyeupe. Iling'aa kweli kweli. Ndani ilikuwa na redio. Dalali akawaambia, "Jamani, gari hii ni nzima kabisa. Kuna mtu mwingine anakuja saa nane. Mkichelewa, shauri yenu." Basi, wakalipa fedha zote siku ile ile.

Wiki ya pili gari lilikuwa likiteremka kutoka Soni kwenda Mombo, limejaa nyanya. Barabara ile ina mteremko mkali na kona nyingi. Dereva akakanyaga breki. Pedeli ikazama mpaka chini, gari lisipunguze mwendo. Dereva hakubabaika. Alirudisha gia ya pili, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Kijana mmoja alivunjika mkono. Nyanya zote zilimwagika. Hakuna aliyekufa, lakini upande wa pili wa barabara ulikuwa ni bonde tupu.

Tulikwenda kuwapa pole, maana wengi wao walisoma katika madarasa yetu. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi, akatuuliza: "Mwalimu, mlitufundisha kusoma. Je, ndani ya gari ile tungeweza kusoma nini, tusidanganyike?"

Swali lake lilikuwa zuri. Tulikwenda kwa fundi mmoja mzee, tukakaa naye siku mbili, tukauliza mengi. Kumbe gari nalo husomwa. Lina namba, lina alama, lina rangi za moshi na sauti. Katika makala hii tutaeleza namna ya kulisoma kabla ya kulipa, na matengenezo ya kufanya kwanza baada ya kulinunua.

ANZA NA KARATASI

Kabla ya kufungua boneti, omba kadi ya gari. Soma jina la mwenye gari. Je, ndiye anayekuuzia? Kama siye, mwenyewe yuko wapi? Usikubali kuambiwa "ni ndugu yangu, yuko safari."

Halafu soma namba ya chesisi iliyo katika kadi. Tafuta namba hiyo kwenye chuma cha gari lenyewe. Isome tarakimu moja baada ya nyingine, na mwenzako afuatilie katika kadi. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Tarakimu moja tu ikipishana, simama hapo hapo. Huenda gari ni la wizi, au injini imebadilishwa bila kuandikishwa.

Mkikubaliana bei, andikeni mkataba wenye mashahidi. Kisha badilisheni jina la mwenye gari katika Mamlaka ya Mapato. Jina lisipobadilishwa, mbele ya serikali gari bado ni la yule bwana, hata kama mmelipa senti zote. Na bima msiisahau. Gari lisilo na bima halitakiwi kutembea barabarani.

NENDA ASUBUHI, INJINI IKIWA BARIDI

Muuzaji akijua kuwa gari lake ni gumu kuwaka, huliwasha kabla hujafika. Kwa hiyo nenda mapema. Weka mkono juu ya injini. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Usikifungue kamwe injini ikiwa moto. Maji yaliyomo ndani yanabanwa kwa nguvu, yatakurukia usoni na kukuunguza. Tazama maji. Yakiwa na kutu nyingi, rejeta haijasafishwa siku nyingi. Yakiwa na mafuta yanayoelea juu, hiyo ni dalili mbaya.

Sasa chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi, hilo lisikutishe. Lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia katika oili. Gari hilo liache.

Kwa nini tunasema hivyo? Sikilizeni jinsi ugonjwa unavyoanza. Mpira wa rejeta unapasuka kidogo, maji yanavuja. Dereva hajui, au anajua lakini anaona uvivu. Maji yanapungua na injini inachemsha. Joto likizidi, silinda hedi inapinda. Ikipinda, gasketi inaungua. Gasketi ikiungua, maji yanapita na kuingia kwenye oili. Oili iliyochanganyika na maji haitelezeshi vyuma sawasawa. Vyuma vinasagana, na injini inaanza kunoki. Tazama basi: mpira wa bei ndogo umeua injini nzima.

WASHA, SIKILIZA, TAZAMA MOSHI

Gari la dizeli lina plagi za joto. Ukifungua ufunguo, taa ndogo huwaka. Ngoja izimike, ndipo upige stata. Gari zima huwaka upesi. Likihangaika sana, huenda plagi za joto zimekufa, au betri ni dhaifu, au injini imechoka. Mawili ya kwanza hayana gharama kubwa. La tatu lina gharama kubwa sana.

Sasa mtu mmoja akanyage mafuta polepole, na mwingine asimame nyuma atazame moshi.

Moshi mweusi mwingi: dizeli haiungui yote. Mara nyingi chujio la hewa limeziba kwa vumbi, au nozeli zimechoka. Anza na chujio, ndilo rahisi.

Moshi wa bluu: injini inakula oili. Ringi za pistoni au mipira ya valvu imechakaa. Kazi hiyo ni ya kufungua injini.

Moshi mweupe: asubuhi ya baridi ukitoka kidogo, si kitu. Usipokoma hata baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia ndani ya silinda, au dizeli inatoka bila kuungua. Mwite fundi.

Waache waendelee kuongea, wewe acha injini iungurume dakika 20. Tazama mshale wa joto. Ukipanda kupita katikati na gari limesimama, mfumo wa maji una kasoro.

MKANDA ULIOFICHWA

Hapa watu wengi wamepoteza fedha. Chukueni mfano wa pikapu za Toyota Hilux za zamani, ambazo ni nyingi katika vijiji vyetu. Zile za dizeli zenye injini ya 2L, 3L au 5L zina mkanda wa taimingi. Mkanda huu ni wa mpira, una meno, na umefichwa nyuma ya kifuniko. Kazi yake ni kupatanisha mwendo wa valvu na mwendo wa pistoni, ili valvu ifunge kabla pistoni haijafika juu.

Mkanda ukikatika, mapatano hayo yanavunjika. Pistoni inapanda na kuzigonga valvu zilizo wazi. Valvu zinapinda, na mara nyingine silinda hedi inaharibika. Wala mkanda haupigi hodi. Leo unatembea vizuri, kesho umekatika katikati ya safari.

Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Katika magari mengi ya aina hiyo kuna taa imeandikwa T-BELT. Kilomita zikifika, taa inawaka. Ukiiona inawaka, usikubali kuambiwa ni taa mbovu.

Muulize muuzaji: "Mkanda ulibadilishwa lini, na imeandikwa wapi?" Kama hakuna maandishi, hesabu kwamba haukubadilishwa. Nunua mkanda mpya mara tu upatapo gari. Bei ya mkanda na ufundi ni ndogo kuliko bei ya kufufua injini.

Namba ya kilomita iliyo mbele ya dereva msiiamini peke yake. Huweza kurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedeli, usukani na kiti cha dereva. Gari linalosema kilomita 60,000 halafu mpira wa pedeli umelika mpaka chuma, linasema uongo.

INAMA UTAZAME CHINI

Rangi nzuri iko juu, ugonjwa uko chini. Lala chini ya gari. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi polepole. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza kwa kutu hutoa sauti iliyokufa, na mara nyingine nyundo inatoboa. Mahali palipopakwa lami au rangi mpya pagongwe zaidi, maana huenda pamefichwa kitu.

Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani. Huko kuna sehemu zinazopata theluji, na watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ile hula chuma kwa chini. Kwa hiyo gari linaweza kuwa zuri juu na limeoza chini.

Tazama pia kama oili inavuja kwenye injini, giaboksi na difu. Unyevu mdogo wenye vumbi ni jambo la uzee. Matone yanayodondoka yanahitaji kutengenezwa.

BREKI, USUKANI NA TAIRI

Sehemu hizi ndizo zinazoshika roho za watu. Injini ikifa, gari husimama. Breki ikifa, gari halisimami.

Kanyaga pedeli ya breki kwa nguvu na uishikilie kwa muda wa kuhesabu mpaka 30. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja, au masta silinda imechoka. Ikibonyea kama sifongo, kuna hewa katika mabomba. Ikiwa ngumu ukiwa juu, nzuri.

Fungua kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta mapya yana rangi ya maji ya asali nyepesi. Yakiwa meusi, yamezeeka. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki mpaka joto lifike nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Sasa fikiria gari lenye mzigo, linateremka mlima mrefu, dereva amekanyaga breki muda wote. Breki zinapata moto mkali. Mafuta yanachemka na kutoa mapovu. Mapovu yanabonyea, mafuta hayabonyei. Basi, mguu unasukuma mapovu na gari halisimami.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa kikundi chetu. Fundi alipofungua, alikuta mafuta meusi kama kahawa, na breki shuu za nyuma zimekwisha kabisa. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Na dereva ateremke mlima kwa gia ndogo, ili injini imsaidie kushika gari. Gia uliyopandia, teremkia hiyo hiyo.

Kwa usukani, inua gurudumu la mbele kwa jeki, gari likiwa limezuiwa kwa mawe. Shika tairi juu na chini, litikise. Halafu shika kushoto na kulia, litikise. Likicheza, beringi, boli jointi au tairodi zimelika. Vipuri hivyo hubadilishwa. Visipobadilishwa, gurudumu linaweza kuchomoka.

Na tairi je? Hapa pia kuna kusoma. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu 4 zilizozungushiwa kibox kidogo mwishoni mwa herufi DOT. Tuseme umeona 2314. Maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira hukakamaa kwa uzee hata kama kashata zake hazijaisha. Watengenezaji wengi wa tairi hushauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10. Tairi la mwaka 2014 limeshapita. Muuzaji atasema "tairi bado mpya hizi." Wewe msomee namba.

LIENDESHE

Usinunue gari lililosimama. Dereva wenu aliendeshe, kilimani na kwenye barabara ya vumbi. Gia ziingie bila kulia. Kwenye tambarare, akiachia usukani kidogo, gari lisikimbilie upande mmoja.

Kujua hali ya klachi, vuta hendibreki, pasiwe na mtu mbele. Weka gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma na gari halisogei, klachi inateleza, imekwisha.

UMENUNUA, SASA TENGENEZA NINI KWANZA?

Gari kuukuu halikosi ugonjwa. Jambo kubwa ni kujua ugonjwa upi utibiwe kwanza. Kwa hiyo usimalize fedha zote kwa muuzaji. Ushauri wetu ni huu: katika kila shilingi 4 za kununulia gari, weka 1 ya matengenezo. Mwenye milioni 8 atafute gari la milioni 6.

Fuateni utaratibu huu:

Kwanza, breki, usukani na tairi. Badilisha mafuta ya breki hata kama muuzaji anasema ni mazuri.

Pili, oili na chujio lake, chujio la dizeli na chujio la hewa. Kwa gari la dizeli, badilisha oili kila kilomita 5,000. Tia oili mpya pia katika giaboksi na difu.

Tatu, mfumo wa maji. Safisha rejeta, badilisha mipira iliyopasuka na kifuniko kilicholegea. Mafundi wengine hutoa thamostati na kuitupa, wakisema gari halitachemsha. Usikubali. Thamostati huifanya injini ipate joto lake sawasawa. Bila hiyo injini hufanya kazi ikiwa baridi, inakula dizeli zaidi na kuchakaa upesi. Ikiwa mbovu, nunua nyingine.

Nne, mkanda wa taimingi na mkanda wa feni.

Tano, umeme. Ukiona unga mweupe kwenye vichwa vya betri, mwagia maji ya moto, sugua, kaza, paka grisi kidogo. Fundi akipima betri nzima injini ikiwa imezimwa, ataona volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, zipande mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, kasoro ni altaneta au mkanda wake, usikimbilie kununua betri.

Mwisho kabisa, rangi, viti na redio. Rangi haibebi nyanya.

Na mzigo? Pikapu ya tani 1 ni ya tani 1. Ukipakia tani 2 kwa kuwa njia ni fupi, unaumiza springi, beringi na breki kwa pamoja. Watu nao wasipande juu ya mzigo. Yule kijana aliyevunjika mkono alikuwa juu ya matenga.

DAFTARI LA GARI

Watu wa mjini husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari moja, likae ndani ya gari. Pigeni mistari: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, fedha, jina la fundi. Kwa mfano, mkiandika "kilomita 184,300, oili imebadilishwa," mnajumlisha 5,000 na kuandika pembeni: "nyingine 189,300." Hapo hakuna ubishi. Dereva akibadilika, daftari halibadiliki. Na siku mkiliuza gari, mnunuzi ataona maandishi, nanyi mtapata bei nzuri.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, dereva atazame mambo matano: maji, oili, mafuta ya breki, tairi, na chini ya gari kama kuna kitu kimedondoka. Kazi hiyo haizidi dakika 5.

Kile kikundi hakikutupa gari lake. Walichanga tena, kwa taabu, msimu mzima. Walibadilisha breki, mabomba yake, tairi 4 na mkanda wa taimingi. Waliuza ile redio kusaidia. Sasa pikapu inateremka Mombo kwa gia ya pili. Tulipokwenda mara ya mwisho, yule mama mweka hazina alitufungulia daftari la gari. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Breki zimetengenezwa zote. Nimeona kwa macho." Akatuambia, "Siku hizi dalali akija, mimi ndiye namsomea."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ni vizuri kulikagua gari injini ikiwa baridi?
2. Oili iliyofanana na chai ya maziwa inatuambia nini?
3. Tazameni tairi za gari lolote kijijini penu. Someni tarakimu 4. Zilitengenezwa mwaka gani?
4. Oili ilibadilishwa kwenye kilomita 97,650. Itabadilishwa tena kwenye kilomita ngapi?
5. Kikundi chenu kikiwa na fedha za kununua gari, nani atakagua, nani ataandika mkataba, na nani atashika daftari?